Nesi na Familia, Sehemu ya 14: Usichane Daftari Kabla Hujalisoma

Mama zangu, dada zangu, na wewe mdogo wangu unayenyonyesha huku unasoma simu kwa mkono mmoja. Na akina baba mnaosoma kimya kimya bila kulike, nawaona, karibuni.

Wiki iliyopita tuliongea habari za homa za watoto, na meseji zimejaa maswali ya dozi. Nitayajibu, msijali. Ila leo naomba mnivumilie, siongelei dawa. Naongelea daftari. Na kwa kuwa nyie huwa mnaniambia ukweli wa nyumbani kwenu, na mimi leo nawaambia wa kwangu.

Mwezi wa sita nilichana daftari la binti yangu.

Ilikuwa hivi. Nimetoka zamu ya usiku, usiku wenyewe mmbaya, wodi imejaa, miguu imevimba. Nafika nyumbani naambiwa matokeo ya majaribio yametoka. Hisabati 31. Darasa la sita huyo, mwakani ndo mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Naingia chumbani nakuta kaunta buku, lile kubwa la kwaya nne, limeandikwa mpaka pembeni. Nikafurahi, nikajua anajisomea. Nafungua: hakuna hesabu hata moja. Ukurasa baada ya ukurasa ni habari za tamthilia ya kwenye TV! Huyu kafanya hivi, yule alikosea pale, kwa nini wa tatu ni bora kuliko wa pili, na nyota ngapi anampa nani.

Jamani, nilipandisha. Nikalichana mbele yake, nikatupa. Hakulia. Alikaa tu ananiangalia. Na kuanzia siku ile akaacha kunisimulia vitu. Yaani mtoto ambaye alikuwa haniachi nipumue jikoni, akawa anajibu "ndiyo mama", "hapana mama", basi.

Sasa nawaambia kwa nini nilikosea. Sisemi kwa huruma tu ya mzazi anayejuta. Nasema kwa sababu nimejifunza kitu ambacho naamini ni cha kweli, na nataka na wewe ukifikirie kabla hujafika nilipofika mimi.

Tamthilia yenyewe ni ipi

Mdogo wangu anafanya kazi ya kutunza wazee Uingereza. Desemba alikuja likizo akamletea binti yangu DVD za tamthilia inaitwa Doctor Who. Mimi niliposikia "Daktari" nikadhani ni ya hospitali, nikasema sawa, mtoto atapenda kazi yetu. Kumbe wapi!

Huyo Daktari si wa kutibu watu. Ni kiumbe kutoka sayari nyingine, kabila lao wanaitwa Mabwana wa Wakati. Anasafiri kwenye kibanda cha buluu, mfano wa vile vibanda vya simu vya polisi wa Uingereza wa zamani, ila ukiingia ndani ni kikubwa kuliko nje. Kwa kibanda hicho anakwenda mwaka wowote, mahali popote, zamani au baadaye. Akikaribia kufa mwili wake unageuka, anakuwa mtu mwingine kwa sura na tabia, lakini ni yuleyule. Ujanja huo walianza kuutumia mwaka 1966, mwigizaji wa kwanza alipoondoka, na ndio uliofanya tamthilia idumu. Kipindi cha kwanza kilirushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Hebu piga hesabu, bibi zetu walikuwa mabinti.

Na hili mtalipenda: mtayarishaji wake wa kwanza alikuwa mwanamke, Verity Lambert. Alipokabidhiwa kazi hiyo alikuwa na miaka 27 tu. Na mmoja wa waliomwigiza Daktari miaka ya karibuni ni Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda mwaka 1992, akakulia Scotland baada ya familia yake kukimbia mauaji ya kimbari ya 1994. Kwa hiyo ukiniambia "hayo ni mambo ya wazungu", nitakwambia taratibu dada, mtoto wa jirani kashaingia kwenye hicho kibanda.

Kitabu kilichonifungua macho

Kwenye mzigo ule mdogo wangu aliweka na kitabu, akasema "hiki cha kwako dada, utasoma zamu za usiku". Sikukigusa miezi sita. Nilikigusa baada ya kuchana daftari, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno.

Kinaitwa Chicks Dig Time Lords. Kwa Kiswahili cha mtaani ni kama kusema "Mademu Wanawazimikia Mabwana wa Wakati". Kilitoka mwaka 2010, kimehaririwa na wanawake wawili, Lynne M. Thomas na Tara O'Shea. Lynne kazi yake ni mkutubi. Ndani ni makala za wanawake wanaoipenda ile tamthilia. Wengine ni waandishi wa vitabu, wengine waigizaji, wengine ni mashabiki waliokua nayo. Mmoja anaandika alivyoanza kuangalia utotoni, mwingine anaandika kuhusu nguo za kuiga, mwingine mikutano ya mashabiki, mwingine anabishana kabisa na waliotunga hadithi.

Nikajiambia: hee! Hiki si ndo kile nilichokichana?

Maana ni kitu kilekile. Mtu kaangalia, kapenda, kakaa chini kaandika kwa nini. Tofauti ni kwamba hawa wamechapishwa, na mwaka 2011 kitabu chao kilipewa tuzo ya Hugo, ambayo ni tuzo kubwa mno ya hadithi za kubuni za sayansi. Wa kwangu alipewa kelele.

Nikaanza kumsumbua mdogo wangu kwa simu anitafutie habari zaidi. Kumbe vitabu vya namna hii ni vingi. Mwaka 2012 kilitoka ndugu yake, Chicks Unravel Time, ambapo wanawake wamegawana misimu ya tamthilia yote, kila mmoja msimu wake. Mwaka huohuo kikatoka Outside In, hadithi 160 za zamani za Daktari, waandishi 160, kila mtu hadithi moja tu. Kabla ya hapo, 1997, kulikuwa na License Denied, ambacho Paul Cornell alikusanya makala nzuri kutoka kwenye vijarida ambavyo mashabiki walikuwa wakijitengenezea wenyewe na kutumiana. Vijarida vya kuchapa kwa mashine, kutoa kopi na kubana kwa pini, kama zile kopi za notsi tulizouziana chuoni.

Lishike hilo jina la Paul Cornell, nitarudi kwake.

Walioandika bila kuombwa

Sasa utaniuliza, haya, wameandika, imesaidia nini?

Nakupa mambo matatu.

La kwanza. Miaka ya 60 na 70 BBC walikuwa wanafuta kanda za vipindi vya zamani. Kanda zilikuwa ghali, na hakuna aliyedhani mtu atataka kuviona tena. Karibu vipindi mia moja vya Daktari vikapotea picha zake. Lakini sauti za vyote vilivyopotea zipo mpaka leo. Unajua kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na watazamaji, vijana na watoto wa shule, waliokuwa wanarekodi sauti nyumbani kwao kipindi kikirushwa. Shirika zima lilitupa, mtoto akatunza. Na hakuna aliyemwambia wakati ule kwamba anafanya kazi ya maana.

La pili. Mwaka 1974 kijana wa Glasgow mwenye miaka 15 aliandika barua kwenye gazeti la ratiba za vipindi, Radio Times, kulisifia kwa toleo lao maalumu la Doctor Who. Barua ikachapishwa. Miaka miwili baadaye akaandika makala kwenye jarida la klabu ya mashabiki kuhusu mtu aliyebuni picha zile za mwanzo wa kipindi. Hakuandika habari za mastaa, aliandika kuhusu fundi wa picha! Kijana huyo anaitwa Peter Capaldi, na mwaka 2013 alitangazwa kuwa ndiye Daktari mwenyewe.

La tatu. Tamthilia ilisimamishwa mwaka 1989. Ukiacha filamu moja ya TV mwaka 1996, haikurudi mpaka 2005. Miaka 16, mtoto anazaliwa mpaka anaingia sekondari. Katika miaka hiyo walioendelea kuishikilia ni mashabiki, kwa vijarida, kwa makala, kwa riwaya. Na iliporudi, iliongozwa na Russell T Davies, ambaye naye ni shabiki wa tangu utotoni, na aliyekuwa ameshaandika riwaya ya Daktari mwaka 1996. Na miongoni mwa aliowapa kazi ya kuandika ni yuleyule Paul Cornell wa vijarida vya kopi.

Sisemi kila mtoto anayeandika kuhusu TV atakuwa Peter Capaldi. Wengi hawatakuwa, na haina shida. Nasema kitu kidogo zaidi kuliko hapo, na kwangu mimi ni muhimu zaidi. Subiri.

Nesi wa mwaka 1913

Usiku mmoja nikiwa off nikaomba binti yangu aniwekee hiyo tamthilia. Akaniwekea bila neno, akakaa mbali kidogo. Ilikuwa msimu wa 2007, hadithi ya vipindi viwili aliyoiandika huyohuyo Cornell kutoka kwenye riwaya yake ya 1995.

Kwenye msimu ule Daktari anasafiri na binti anaitwa Martha Jones. Martha ni mweusi, Mwingereza, na ni mwanafunzi wa udaktari wa kweli, wa hospitali. Wanajificha kwenye shule ya wavulana Uingereza mwaka 1913. Daktari amejigeuza binadamu, kasahau yeye ni nani, anafundisha. Martha inabidi ajifanye mfanyakazi wa ndani ili amlinde. Anasugua sakafu, anabeba sinia, anatukanwa na vijana.

Pale shuleni kuna nesi, Joan Redfern. Mama mpole, mjane, anajua kazi yake. Nikampenda mara moja, nikasema huyu mwenzangu. Kisha Martha anamwambia kwamba yeye anasomea udaktari. Joan anakataa. Mwanamke kuwa daktari, labda. Lakini mfanyakazi wa ndani, tena wa rangi yake? Haiwezekani.

Martha ananyanyua mkono wake mwenyewe, anaanza kutaja mifupa. Minane ya kifundo, mmoja mmoja, kwa mpangilio wake, kisha ya kiganja, kisha ya vidole. Mimi ile mifupa niliikariri mwaka wa kwanza wa diploma kwa kuiimba bafuni, na nilijikuta naitaja naye kwa sauti. Joan anasema labda umesoma tu kwenye kitabu. Martha anamjibu ndiyo, nimesoma, ili nifaulu mitihani yangu!

Nilipiga makofi. Binti yangu akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Halafu akanyamaza, akaenda chumbani kwake.

Alirudi na bahasha. Kumbe siku ile nilipotoka chumbani aliokota vipande kwenye ndoo ya taka, akavibandika kwa solotepu. Vingi havikupona. Ukurasa mmoja ulipona, na ulikuwa kuhusu Joan. Aliandika kwamba watu wanamuona yule nesi mbaya, lakini yeye anaona si mbaya, ni mtu ambaye amezoea kujua. Akaandika: alikuwa anaweza kumuuliza Martha maswali matatu tu akagundua ni kweli, lakini hakuuliza kwanza.

Chini yake, kwa herufi ndogo: "Mama pia huwa haulizi kwanza."

Tarehe aliyoandika ilikuwa kabla sijachana.

Kuandika unachopenda ni kazi ya akili

Nilikaa na ile karatasi muda mrefu. Sitawaambia nililia au sikulia.

Nawaambia kilichonijia kichwani kama nesi. Kazini kwetu, zamu ikiisha unakabidhi ripoti. Usipoweza kusema umeona nini, saa ngapi, na kwa nini umepata wasiwasi, mgonjwa anaweza kupotea mikononi mwa mwenzako. "Hali yake siyo nzuri" si ripoti. Hali gani? Ameacha kunyonya? Anapumua haraka? Tangu saa ngapi? Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vizuri ambao hawawezi kusema walichokiona. Na nimewahi kumpokea mama mmoja wa kijijini, kanga moja kiunoni, nyingine mgongoni na mtoto, ambaye nyuma ya kadi ya kliniki aliandika kwa penseli: saa nne usiku homa, saa sita ametapika mara mbili, saa nane degedege, imechukua muda wa kusema Baba Yetu mara moja. Daktari aliisoma ile kadi akaanza kazi hapohapo. Hakupoteza dakika.

Yule mama aliangalia, akakumbuka, akapanga, akaandika. Ndicho anachofanya mtoto anayeandika kwa nini Daktari wa tatu ni bora kuliko wa pili. Kaangalia kwa makini. Kalinganisha. Katoa sababu. Kamfikiria mtu mwingine aliye tofauti naye, hata nesi wa 1913, akajaribu kuelewa kwa nini alikosea. Jamani, hivi hiki si ndicho tunacholipia ada?

Na kuna kitu kingine kwenye zile makala za wanawake. Zile nzuri hazisifii tu. Mle kuna makala ya K. Tempest Bradford, mwandishi mweusi wa Marekani, kuhusu huyohuyo Martha. Anampenda Martha, na kwa kuwa anampenda analalamikia jinsi waandishi wa tamthilia walivyomfanya. Nami baada ya kuumaliza msimu nikamuelewa. Martha ana akili, jasiri, anazunguka dunia kwa miguu mwaka mzima kuiokoa, lakini msimu wote anawekwa kama mbadala wa aliyemtangulia, anampenda mtu asiyemuona. Mwishoni anaamua mwenyewe kuondoka. Bora alivyoondoka!

Kupenda kitu na bado kusema kilipokosea, hilo ni somo ambalo watu wazima wengi hatuna. Sisi tukipenda tunafumba macho, tukichukia tunachana. Binti akijifunza mapema kwamba unaweza kupenda na macho yako yakabaki wazi, atalihitaji hilo siku atakapopata mchumba, atakapopata bosi, na siku atakapomuangalia mama yake.

Si kwamba kila makala ni dhahabu, tusidanganyane. Nyingine kwenye kile kitabu ni kushangilia mwanzo mwisho. Nyingine zinawahusu watu walioangalia kila kitu, mimi mgeni nilipotea njia. Lakini hata hizo zinaonyesha mtu aliyeruhusiwa kupenda kitu kwa sauti bila kuchekwa. Wanawake wengi mle wanaandika kutoka kwenye ushabiki ulioonekana kwa muda mrefu kuwa ni wa wanaume. Hawakusubiri kukaribishwa.

Najua utakachoniambia

"Nesi, na hisabati 31 je?" Swali la haki. Hisabati tunaishughulikia, tuition Jumanne na Alhamisi, na mimi mwenyewe namkagulia. Lakini kuchana daftari hakukuongeza hata maksi moja. Nilichofanya ni kumuonyesha kwamba akifikiria kitu kwa kina, anaadhibiwa. Mtoto huyo ukimwambia kesho afikirie hesabu kwa kina, atakuamini vipi?

"TV nyingi ni mbaya kwa watoto." Kweli, na mimi ndo huwa nawaambia kliniki. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya mwaka mmoja asikae kabisa mbele ya skrini, wa mwaka mmoja pia haishauriwi, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora zaidi. Hapo sibadilishi neno. Ndio maana napenda kuandika. Mtoto mkubwa akiangalia kipindi kimoja akakaa saa nzima kukiandika, hiyo saa TV imezimwa.

"Sisi hatuna hizo DVD." Huhitaji. Hata Ubongo Kids inatosha. Hata tamthilia ya Kituruki unayoangalia wewe saa tatu usiku na kumfukuza mtoto sebuleni. Kitu chochote anachokipenda na anachoweza kukitolea sababu.

Tufanye hivi

Hivi ndivyo tunavyofanya kwangu sasa, uchukue kinachokufaa.

1. Mpe daftari lake la mambo anayoyapenda, mbali na ya shule. La bei ndogo tu. Usilikague kama mwalimu, usisahihishe tahajia.

2. Ukitaka kulisoma, omba. Akikataa, kubali. Ukiona kitu kinachokutia wasiwasi kuhusu usalama wake, hapo ni suala jingine, kaa naye muongee.

3. Muulize maswali matatu, yale ambayo Joan hakuuliza: Umeona nini? Umependa nini, kwa nini? Ungekuwa wewe mtunzi, ungebadilisha nini?

4. Chukueni mtindo wa kile kitabu cha watu 160. Kila mtu nyumbani anachagua kipindi kimoja anaandika ukurasa mmoja, na baba akiwemo. Hakuna kuchukua cha mwenzako. Bana kwa pini, andika mwaka juu. Hicho ni kitabu cha familia, na miaka 20 ijayo mtakitafuta kuliko picha za harusi.

5. Usiyaweke mtandaoni maandishi ya mtoto yenye jina lake, shule yake au mtaa wenu. Kibaki kitabu cha nyumbani.

Kwa wenye watoto wadogo ambao hawajui kuandika: yeye asimulie, wewe uandike maneno yake kama yalivyo. Usiyanyooshe.

Tulipofikia

Sitawaambia mambo yameisha. Nilimuomba msamaha, kwa maneno, nikiwa nimekaa chini siyo nimesimama. Akasema "sawa mama". Nikamnunulia kaunta buku jipya, akalipokea kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha, na kwa wiki mbili sikuona ameandika kitu.

Halafu Jumamosi iliyopita akaja na sharti. Atanionyesha ukurasa wake mpya, lakini mimi niandike wangu kwanza. Basi nikakaa mezani baada ya kuosha vyombo, nikaandika kuhusu nesi Joan. Niliandika kwamba namuelewa kwa sababu ukifanya kazi ya kujua, kila siku watu wanakuja kwako hawajui, na siku anayokuja anayejua masikio yako yameshaziba. Ukurasa mmoja ulinichukua saa moja na nusu. Jamani, kuandika ni kazi!

Akausoma akiwa amesimama. Akachukua kalamu nyekundu, yangu ya kujazia chati. Akapiga mstari chini ya "kwa kweli" sehemu tano, akasema mama umeirudia sana. Juu akanipa nyota tatu kati ya tano.

Nikamuuliza, mbili zimekwenda wapi?

Akasema nitazipata nikimaliza msimu mzima ndo niandike tena, maana nimemhukumu Joan kabla sijaona vipindi vyote.

Wake bado hajanionyesha. Nasubiri, sijaligusa daftari.

Wiki ijayo narudi kwenye dozi za homa, leteni maswali yenu na uzito wa mtoto mnaujua, siyo "ni mnene kiasi". Na wewe mama uliye na daftari la mtoto mkononi sasa hivi umeshika kwa hasira, liweke chini. Kunywa maji. Muite, umuulize kwanza.

Usiku mwema. Mimi naingia zamu.